Je, Wajua? Dole Gumba Halina Likizo

Je, wajua kwamba kujaza sahani moja ya plastiki ya maabara yenye visima 96, kwa pipeti ya mkono yenye ncha moja, kunalidai dole gumba mibonyezo 288? Mara moja kuvuta, mara moja kumwaga, mara moja kuitupa tipu, ile ncha ya plastiki iliyotumika, kisha kisima kinachofuata. Tisini na sita mara tatu. Hiyo ni sahani moja, tena ya mtu asiyekosea.

Je, wajua kwamba akishika pipeti ya ncha nane, mibonyezo inashuka hadi 36? Wakubwa wa manunuzi wanaoiona pipeti hiyo kuwa anasa waifanye hesabu hii wenyewe. Ila nayo ina lake: kutupa tipu nane kwa mpigo kunataka nguvu kuliko kutupa moja, kwa hiyo dole linaitwa mara chache lakini likiitwa linakazwa.

Je, wajua kwamba pipeti ya kubonyeza ilibuniwa kuokoa kinywa, si mkono? Kwa miaka mingi watu wa maabara walivuta vimiminika kwa mdomo kupitia bomba la kioo, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Mwaka 1893 kiliripotiwa kisa cha daktari aliyevuta kwa bahati mbaya bakteria wa homa ya matumbo, akaugua yeye. Mwaka 1957 mtafiti Heinrich Schnitger wa Marburg, Ujerumani, alichoshwa na mtindo huo, akaunda pipeti yenye pistoni na springi. Springi ya pili ndiyo inayotuletea kikomo cha pili cha mbonyezo, cha kusukumia nje tone la mwisho lililong'ang'ania. Miaka ya mwanzo ya 1960 kampuni ya Hamburg tunayoijua leo kwa jina la Eppendorf ikaanza kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza, na mwaka 1972 Warren Gilson na Henry Lardy wa Wisconsin, Marekani, wakaleta ile ya kurekebisha ujazo. Kinywa kikapona. Mzigo ukahamia kwenye dole gumba, na dole halikuulizwa.

Je, wajua kwamba maumivu ya kurudiarudia kazi ileile yaliandikwa vitabuni zaidi ya miaka 300 iliyopita? Mwaka 1700 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na katika toleo lake la mwaka 1713 akawagusa makarani waliokuwa wakiandika kwa mkono kutwa. Alitaja sababu tatu za kuumwa kwao: kukaa bila kuinuka, mkono kwenda mwendo uleule, na akili kukazana isije ikakosea. Ile ya tatu ndiyo inayonikalia rohoni. Mpe mtu pipeti na maji ya chumvi umwambie afanye mazoezi, ataishika kwa vidole vilivyolegea. Mpe maji ya uti wa mgongo wa mtoto wa miezi saba, sampuli ambayo hakuna atakayethubutu kwenda kuichukua tena, uone jinsi vidole vinavyoikaba pipeti ileile. Ujazo ni uleule. Nguvu anayotumia si ileile.

Je, wajua kwamba Uingereza iliwaingiza wapiga simu za maandishi, wale wa telegrafu, katika orodha ya wanaostahili fidia kwa kukakamaa mkono mwaka 1908? 

Je, wajua kwamba misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni? Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole kama mpiga kinanda. Hicho kinachotambaa chini ya ngozi ndicho injini. Vidole vinavutwa tu kwa kano, kama kamba za tanga. Ndiyo maana mtu anayebonyeza pipeti anaweza kulalamikia kiwiko, na mwenzake akamcheka akidhani anatafuta ruhusa.

Je, wajua kwamba kano tisa na neva moja hupita pamoja katika kijia chembamba kwenye kifundo cha mkono? Sakafu na kuta zake ni mifupa, paa lake ni utepe mgumu usiovutika. Fikiria daladala ya saa kumi na mbili jioni: haiongezeki ukubwa, na kano zikivimba ni kama abiria waliopandia mizigo njiani. Lazima mtu abanwe. Anayebanwa ni ile neva, nayo hulalamika kwa ganzi na kuchomachoma kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete.

Na kidole kidogo? Hicho huwa hakimo, kwa sababu kinahudumiwa na neva nyingine inayopita nyuma ya kiwiko. Kwa hiyo ukiona kinachokufa ganzi ni kidole kidogo, achana na kifundo, tazama mahali unapoegemeza viwiko. Mara nyingi utakuta ukingo mkali wa benchi, au mdomo wa chuma wa kabati la usalama, lile la kufanyia kazi sampuli hatari.

Je, wajua kwamba maneno "nimelalia mkono" huenda yamechelewesha matibabu ya watu wengi? Saa nane za usiku mtu anaamka mkono umekufa ganzi, anaukung'uta kama anayekung'uta maji, unachangamka, analala tena. Asubuhi anasimulia kwa kicheko. Usiku mmoja hauna neno. Lakini ikiwa ni wiki ya tatu na mkono ni uleule wa pipeti, kitanda hakina kosa. Kule kuukung'uta mkono usiku ni dalili ambayo daktari huiuliza, kwa hiyo usisahau kuitaja.

Ni haki pia kusema kwamba si kila ganzi ni ya kazini. Kisukari, ujauzito na tezi ya shingo iliyozembea huleta ganzi ileile, na tatizo hili huwapata wanawake kuliko wanaume. Ndiyo sababu ya kwenda kupimwa badala ya kupima kwa macho ya jirani.

Je, wajua kwamba waweza kujijaribu hapohapo ulipo? Kunja ngumi kwa nguvu kifundo kikiwa kimenyooka. Sasa kikunje kifundo chote kuelekea ndani, mpaka kiganja kitazame kigasha, halafu jaribu ngumi ileile. Imegoma, sivyo? Nguvu imekwenda wapi? Kifundo kilichopinda kinazinyima kano nafasi nzuri ya kuvuta, kwa hiyo kazi ileile inadai juhudi kubwa zaidi. Sasa mtazame mwenzako anayechota kwenye chupa ndefu iliyowekwa juu ya kishikio kirefu, kiwiko kikiwa kimenyanyuka kama bawa la kuku anayejipepea. Kumsaidia hakuhitaji bajeti. Shusha kishikio, ilaze chupa kidogo, sogeza ndoo ya tipu iwe fupi na karibu. Mkono ushuke.

Je, wajua kwamba kuna ugonjwa wa dole gumba wenye jina la mpasuaji wa Uswisi? Fritz de Quervain aliueleza mwaka 1895. Kano mbili zinazolivuta dole gumba kulitenga na mkono hukwaruzana na ala yake upande wa kifundo, pakavimba, na hata kufungua mfuniko wa chupa ya sampuli kukawa kilio. Kipimo chake ni cha dakika moja: fumbata dole gumba ndani ya vidole vinne, halafu ushushe mkono kuelekea upande wa kidole kidogo, taratibu. Mtu mzima atahisi mvuto. Mwenye ugonjwa ataruka. Wasusi wa ukili wa Pwani na wakunaji wa nazi wa shughuli za harusi wanaijua sehemu hiyo bila kuwahi kulisikia jina la Mswisi.

Je, wajua idadi ya saa ambazo hatari hupanda? Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 1994 uliwaangalia wanawake wa maabara wanaotumia pipeti za kubonyeza, ukaona kwamba waliopita saa 300 kwa mwaka walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya matatizo ya mikono na mabega. Saa 300 zinasikika nyingi. Zigawe kwa siku 230 za kazi: ni kama saa moja na dakika 18 kwa siku. Kuna watu huzimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Je, wajua kwamba kuigongagonga pipeti kwenye boksi la tipu ni kujitafutia taabu? Tipu ikikazwa kwa kishindo, kuing'oa kunataka nguvu ileile na zaidi. Tipu inayolingana na pipeti yake hukaa kwa kusukumwa kidogo tu. Tatizo ni tipu za bei nafuu zisizoshika vizuri, ambazo hufanya watu wagonge kama wanaotwanga kisamvu. Akiba ya shilingi inalipwa na kifundo cha mtu.

Je, wajua kwamba pipeti chafu huumiza? Pistoni iliyokauka grisi au kuganda chumvi hukwama, na anayeisukuma huongeza nguvu bila kujijua. Ukiona kila mtu anaikwepa pipeti fulani na kuwaachia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hiyo ndiyo ya kupelekwa kusafishwa kwanza.

Glavu nazo. Kubwa inakunjamana na kuteleza, kwa hiyo unakaba zaidi. Ndogo inapigana na vidole kila vinapojikunja. Saizi moja kwa wote ni mpango wa stoo, si wa mikono.

Je, wajua kwamba slaidi moja ya malaria haitakiwi kuitwa safi mpaka msomaji apitie walau maeneo 100 ya tone nene kwa ukuzaji wa mara 1,000? Slaidi 30 zisizo na vimelea ni maeneo 3,000, na kila eneo ni kuzungusha kitasa cha jukwaa kwa mkono mmoja na kurekebisha mwonekano kwa mwingine. Kwa makohozi ya kifua kikuu, miongozo inasema msomaji mmoja asizidi slaidi 20 hadi 25 za rangi ya Ziehl-Neelsen kwa siku. Kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu macho yaliyochoka hupitwa na bakteria. Shingo na vifundo vimefaidika kwa mlango wa nyuma.

Niliwahi kukalia benchi la hadubini katika hospitali moja ya wilaya, msimu wa masika, wakati trei za slaidi zilizopakwa rangi ya Giemsa zinapopangana kama vigae. Tone la mafuta, slaidi, jicho, tone la mafuta, slaidi, jicho. Stuli ilikuwa ndefu isiyo na mahali pa kuweka miguu, hadubini ilikuwa fupi, na mimi katikati nilikuwa nimejikunja nikitafuta pete za vimelea. Mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejikunja kama kamba wa baharini?"

Hakusubiri jibu. Alikwenda kabatini, akarudi na madaftari mawili makubwa ya kumbukumbu yaliyokwisha kujaa, akaniamuru niinue hadubini, akayasukumia chini yake. Kisha akaleta boksi tupu la glavu lililojazwa karatasi, akaliweka chini ya miguu yangu. "Hadubini ndiyo ije kwako," alisema. "Ukiifuata wewe, utastaafu unatazama viatu." Jioni ile kwa mara ya kwanza niligeuza shingo kuangalia gari bila kugeuza mwili mzima.

Je, wajua kwamba mama yule alikuwa na hesabu upande wake? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, mpasuaji wa mgongo wa New York, alikokotoa kwa kutumia kielelezo kwamba shingo ikiinama nyuzi 15, mzigo kwenye uti wa shingo unakuwa kama kilo 12. Nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 60, kilo 27. Ni makadirio ya kompyuta, si mizani. Hata ukiyapunguza nusu, bado ni mfuko mzima wa unga unaoning'inia shingoni tangu asubuhi.

Je, wajua kwamba Ronald Ross, tarehe 20 Agosti 1897 huko Secunderabad, India, alipoviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, alikuwa na hadubini yenye skrubu zilizoshika kutu kwa jasho lake na lenzi ya jicho iliyopasuka? Pangaboi nalo hakuweza kulitumia, maana lingempeperushia vipande vya mbu. Alisimulia mwenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Stuli aliyokalia haikupewa chochote, na naamini ilistahili kushtakiwa.

Je, wajua kwamba kabati la usalama linaweza kumgeuza mtu kuwa mshumaa uliopinda? Kioo kinamzuia kusogea, matundu ya hewa ya mbele hayatakiwi kuzibwa, kwa hiyo anafanya kazi mikono ikiwa imeelea. Asipoelea, anaegemea matundu, na hapo anaharibu mkondo wa hewa unaomkinga. Kinachosaidia ni kupanga vitu kabla ya kuanza: vinavyoguswa kila dakika viwe karibu, vinavyoguswa mara moja viende nyuma. Na yale maboksi ya vitendanishi yaliyosukumwa chini ya kabati, mahali pa magoti, yaondoke. Magoti yakikosa pa kuingia, mgongo ndio unaosafiri.

Wale wa kukata nyama za uchunguzi kwa gurudumu la mkono, wanaotoa vipande vya maikromita 3 hadi 5, wana yao: kuzungusha kutwa, tena wengine ndani ya chemba ya baridi. Baridi huvikakamaza vidole, na vidole vilivyokakamaa hukaba zaidi.

Je, wajua kwamba mapumziko mafupi ya mara kwa mara yanasaidia kuliko kupumzika mara moja kwa muda mrefu? Miongozo mingi inashauri usipipeti mfululizo kupita dakika 20 hivi bila kuuachia mkono, hata kwa dakika moja. Si lazima ukae bure. Andika majina kwenye mirija, jaza daftari, pakia mashine ya kuzungusha sampuli. Kinachotakiwa ni misuli ile ibadilishiwe zamu. Kano zina damu kidogo na hupona taratibu, kwa hiyo hazipendi kudaiwa deni la wiki nzima siku ya Ijumaa.

Lakini tuambiane ukweli: mapumziko yenyewe tunayafanyaje? Mtu anavua glavu, ananawa, anatoka kivulini, anachomoa simu, na kwa dakika kumi na tano anasukuma skrini kwa dole lilelile. Dole limetoka zamu ya asubuhi likaingia ya mchana.

Je, wajua kwamba bandeji ya kifundo ina wakati wake? Usiku, kifaa kinachoshika kifundo kikiwa kimenyooka huwasaidia wengi wenye neva iliyobanwa. Mchana, kujifunga bandeji na kunywa vidonge ili uendelee na mibonyezo ileile ni kumziba jogoo mdomo, kutakucha tu. Na kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu kunaburudisha, sikatai, bibi yangu angenifufukia nikikataa. Ila hakumpunguzii mtu hata mbonyezo mmoja.

Je, wajua kwamba Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja kwa jina kuvimba kwa ala za kano za dole gumba kunakotokana na kurudiarudia, na pia kubanwa kwa neva ya kifundo? Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wa fidia ulianza kazi mwaka 2015. Kenya ilipitisha sheria zake za usalama kazini na za fidia ya majeraha ya kazi mwaka 2007. Shida ni ushahidi. Aliyemwagikiwa asidi ana kovu la kuonyesha. Huyu wetu mkono wake ni mzima, mweupe pe. Kwa hiyo andika. Tarehe ganzi ilipoanza, vidole vipi, saa ngapi za pipeti siku hiyo, nani ulimwambia. Watu wanaoandika matokeo ya wengine kutwa nzima kwa wino mweusi, bila kufuta, wanashindwa kujiandikia mistari mitatu.

Je, wajua kwamba maumivu haya yana siku yake duniani? Ni siku ya mwisho ya Februari, na iliyokusudiwa hasa ni tarehe 29, kwa kuwa ndiyo siku pekee kwenye kalenda isiyojirudia kila mwaka. Miaka mingine huadhimishwa tarehe 28. Inayofuata iliyo kamili ni ya mwaka 2028. Itaangukia Jumanne, siku ya kliniki, na trei zitakuwa zimejaa kabla ya saa mbili.